Chuo cha ufundi au gereji ya mtaani? Ulinganisho kwa kijana wa Dar na mzazi wake

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka mwishoni mwa Januari, wazazi huanza kuja pale gereji kwangu Tabata. Mama anafika, kijana yuko nyuma yake kainamisha kichwa, na swali ni lile lile: "Fundi, nimwache hapa kwako au nimtafutie VETA?"

Nimeulizwa hivyo miaka mingi, na mara mbili nilijibu vibaya. Kijana mmoja nilimwambia aje tu, kwamba cheti hakifungui boliti. Leo ana mikono mizuri kuliko yangu, lakini kazi ya kiwandani imempita mara mbili kwa sababu fomu ilikuwa na sehemu ya cheti naye hakuwa na cha kuandika. Mwingine nilimsukumia chuo. Akarudi na cheti kizuri kilichowekwa kwenye fremu, nikampa gari aina ya IST ashushe gia boksi, akasimama anaitazama. Hakujua aanze na boliti ipi. Wote wawili ni vijana wenye akili, na kila mmoja alipoteza miaka ambayo mimi ningeweza kumwokolea kama ningemuuliza maswali machache zaidi kabla ya kutoa jibu.

Ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Nimepita pande zote mbili. Kazi nilijifunzia gereji ya mtaani Ilala kuanzia mwaka 2003, na cheti nilikuja kukipata baadaye nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Tunalinganisha nini na nini

Nikisema chuo, kwa hapa Dar watu wengi wanafikiria VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kuna chuo cha Chang'ombe kule Temeke, kikubwa na cha siku nyingi, na kuna Kipawa upande wa uwanja wa ndege, kinachojulikana zaidi kwa kompyuta na mambo ya elektroniki. Pembeni yake viko vyuo vingi binafsi na vya mashirika ya dini, vizuri na vibaya, vilivyotawanyika kuanzia Mbagala hadi Tegeta.

Nikisema mtaani, ni popote ambapo fundi anapokea mtu wa kujifunza: samani za Keko, vyuma vya Gerezani, magari ya Ilala na Tabata, simu na cherehani za Kariakoo. Hakuna fomu wala muhula. Unaingia kama saidia fundi, na siku utakayoitwa fundi haijaandikwa kwenye kalenda yoyote.

Kama kijana wako ana ufaulu mzuri wa Hisabati na Fizikia, ulinganisho huu haumhusu sana. Mpeleke Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) akasome stashahada. Taasisi ile ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, ikapandishwa kuwa taasisi ya teknolojia mwaka 1997, na kijana anayeweza kuingia pale asikae kwangu akiosha spana. Mimi nazungumza na wale wengine, ambao ndio wengi.

Gharama: ada ndiyo ndogo

Wazazi huanza na ada. Kwenye vyuo vya VETA ada ya kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa anayesoma kutwa na 120,000 kwa anayekaa bweni. Ni pesa ambayo mama lishe anaweza kuikusanya. Vyuo binafsi hutoza laki kadhaa, na vingine vinavuka milioni. Gerejini baadhi ya mafundi hawatozi kitu, wengine wanaomba "hela ya kumkabidhi mtoto", na wachache wanatoa hela ya kula tangu wiki ya kwanza.

Ukiishia hapo utasema mtaani ni rahisi, VETA inafuata, chuo binafsi ni cha wenye nazo. Lakini piga hesabu ya nauli. Kijana anayeishi Chanika au Kivule na kusoma Chang'ombe anapanda daladala zaidi ya moja kwenda na zaidi ya moja kurudi. Tuseme ni mbili tu kila upande, na zote za nauli ya chini kabisa ya shilingi 600 iliyopangwa Desemba 2023. Hiyo ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za masomo ni 52,800. Nauli ya mwezi mmoja inakaribia ada ya mwaka mzima. Hapo hujaweka chakula cha mchana, ovaroli, viatu vigumu, madaftari na michango.

Nimewaona vijana watatu wa mtaani kwetu walioacha chuo. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa masomo, wala aliyeshindwa ada. Walishindwa kufika. Kwa hiyo ukipata nafasi ya bweni, ile tofauti ya 60,000 usiione kubwa. Ni bei rahisi kuliko daladala za miezi miwili.

Mtaani nako kuna gharama isiyoonekana, nayo ni muda. Mwaka wangu wa kwanza Ilala nilikuwa nafuata chai, naosha vifaa kwa dizeli, nashika tochi. Mwaka wa pili nikaanza kufungua magurudumu na kubadilisha breki. Injini niliigusa mwaka wa tatu. Mambo ya umeme wa gari sikuyagusa kabisa, kwa sababu fundi wangu alikuwa akifika kwenye nyaya ananituma dukani. Nikirudi, kazi imekwisha. Alikuwa mtu mwema, alinilisha na aliniuguza, ila ule ujuzi ndio uliokuwa unamlisha yeye na hakutaka kunigawia. Chuoni mwalimu halipwi kwa kuficha. Miaka miwili ya chuo kizuri ina mpangilio ambao miaka minne ya gereji inaweza isiwe nao.

Mikono: hapa ndipo pana mambo

Mafunzo ya VETA yamepangwa kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu, na kila ngazi ina orodha ya kazi ambazo mwanafunzi anatakiwa aweze kuzifanya. Siyo tena kukariri na kujibu maswali, ni kuonesha umahiri. Kwenye karatasi mpango huu hauna kasoro. Shida inakuja kwenye idadi. Mpwa wangu alisoma ufundi magari kwenye chuo kimoja binafsi hapa jijini. Darasa lao lilikuwa na watu zaidi ya 40 na injini moja, ya gari la zamani, iliyokwisha kufunguliwa na kufungwa mara nyingi hadi boliti zake zilikuwa zinazunguka bure. Kila mmoja aligusa kwa zamu. Mengine yote aliyaona ubaoni. Aliponiambia hivyo ilikuwa mwaka wa pili unaelekea kwisha na ada imeshalipwa.

Tangu hapo, mzazi akiniuliza kuhusu chuo chochote namwambia aende siku ya kazi, saa nne asubuhi, aombe kuingia karakana. Asiangalie jengo wala rangi. Ahesabu wanafunzi walioshika kifaa na wale waliokunja mikono wakitazama. Kisha aangalie sakafu. Karakana inayofanya kazi ina mafuta chini, ina vumbi la chuma, ina mabaki ya mbao. Sakafu safi kama ya sebule inakuambia kila kitu. Kisha aulize kama chuo kinapokea kazi za wateja kutoka nje, kwa sababu chuo chenye wateja kinampa mwanafunzi gari lenye ugonjwa wa kweli na mwenye gari anayesubiri.

Gerejini, kwa upande huo, kijana ananyeshewa na kazi. Kwa wiki moja kwangu anaweza kuona Vitz inayochemsha, Noah inayovuta upande mmoja, Canter ambayo klachi imekufa na bajaji iliyoingia maji. Anajifunza na mambo ambayo sijawahi kuyaona kwenye mtaala wowote: kumsikiliza mteja anayesema "inalia kwii" na kujua anamaanisha nini, kukadiria bei bila kumtisha, kutambua spea bandia pale Shaurimoyo kabla hajaibeba, na kumpigia mteja simu kumwambia ukweli kwamba gari haitatoka leo.

Lakini gereji inafundisha kile tu kinachoingia getini. Na inafundisha makosa ya fundi pamoja na ustadi wake. Magari ya kompyuta yalipojaa Dar, sisi wa mtaani tulibaki tunabahatisha. Taa ya injini ikiwaka tunabadilisha plagi. Ikibaki, tunabadilisha sensa. Ikibaki, tunabadilisha nyingine, na kila moja analipa mteja. Nilikuwa nafanya hivyo kwa moyo mweupe kabisa, nikiamini ndiyo ufundi. Siku niliyokaa kwenye kozi fupi na mwalimu akatueleza jinsi sensa ya hewa inavyosoma na kwa nini namba ya kosa kwenye mashine haimaanishi kwamba kifaa hicho ndicho kibovu, niliwafikiria wateja wote niliowatoza bure. Iliniuma. Kwa hiyo mtu akiniambia nadharia haina kazi, namkatalia. Mikono ya mtaani inajua namna. Sababu huijua kwa nadra, na kifaa kipya kikija, asiyejua sababu anaanza upya.

Jambo jingine ni mwili wenyewe. Chuoni kuna miwani ya kuchomelea, glovu, na mwalimu anayekataza ndala. Mtaani nimeona kijana akichomelea geti kwa macho matupu, usiku akakesha akilia kwa maumivu. Na akikatwa kidole na grenda, hayuko kwenye orodha ya mwajiri yeyote, kwa hiyo mfuko wa fidia kwa wafanyakazi haumjui. Uliza hili kabla ya kumkabidhi mtoto. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na wa chini ya miaka 18 hatakiwi kwenye kazi za hatari. Mimi wa darasa la saba simpokei, hata mzazi akilia.

Karatasi: inategemea mlango uliopo mbele

Hapa ndipo nilipokuwa nakosea. Nilikuwa naulizwa chuo au mtaani, nami najibu hapo hapo, kabla sijauliza fani. Sasa naanza na fani.

Chukua umeme wa majumbani. Ili nyumba iunganishwe na TANESCO, mfumo wa nyaya unatakiwa uwe umefanywa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hiyo huipati bila vyeti vya fani. Fundi umeme wa mtaani anaweza kutandaza waya nyumba nzima kwa ustadi, kisha anakwenda kumtafuta mwenye leseni agonge mhuri, na mwenye mhuri anachukua sehemu nono ya pesa. Nawajua watu wamefanya hivyo miaka 15. Kwa fani hii sina mjadala: chuo kwanza.

Hali ni hiyo hiyo kwa kufunga mifumo ya gesi kwenye magari. Bei ya petroli imewafanya wenye teksi na bajaji wengi kuhamia gesi asilia, na kazi ipo. Lakini ule ni mtungi wa msukumo mkubwa uliofungwa nyuma ya kiti cha abiria. Hakuna anayepaswa kuufunga kwa kuigiza alichoona kwa jirani. DIT wana karakana ya kazi hiyo na wanafundisha. Kijana mwenye msingi wa magari akapate huko.

Hoteli ni vilevile. Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye kampasi ya Bustani pale mjini, kinampa kijana jina ambalo meneja wa hoteli analitambua kabla hajamwona akibeba sinia. Madereva wa magari makubwa na mabasi nao wanahitaji vyeti vya chuo kinachotambulika, na wengi hupitia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) pale Mabibo. Viwanda vya Barabara ya Nyerere, bandari, reli ya kisasa ambayo tangu katikati ya mwaka 2024 inabeba abiria kutoka Dar: hao wote wanaanza na karatasi. Humwoni msimamizi wa kazi mpaka umepita kwa mtu wa rasilimali watu, na yeye hakupimi kwa spana.

Sasa nenda Keko. Mteja anayetaka kabati anapapasa ukingo wa mbao, anafungua droo, anaifunga. Hajawahi kuuliza cheti. Fundi cherehani wa Kariakoo anapimwa kwa bega la gauni. Msusi anapimwa kwa kichwa cha mteja aliyetoka. Mchomelea mageti, fundi simu, mpaka rangi, mpiga terazo, hawa kazi yao inajisemea. Kwa fani hizi, mtaani kwa fundi mzuri unaingia sokoni siku ya kwanza, na wateja wa fundi wako wanaanza kukujua jina. Kumaliza chuo ukiwa hujulikani na mteja hata mmoja ni ugumu ambao vijana wengi hawauoni mpaka wamevua joho.

Nalisisitiza hili kwa sababu Dar ni jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, na sehemu kubwa ya ajira zake haina barua ya ajira. Ni kazi ya kuitwa. Anayekuita anakujua au amesikia habari zako.

Njia ya katikati, ambayo wengi hawaijui

Kijana wa mtaani hajafungiwa cheti milele. Kuna urasimishaji wa ujuzi. Fundi aliyejifunza kazini anapimwa kwa kazi yake. Wapimaji wa VETA wanakuja au anawafuata, anafanya kazi mbele yao, wanaona anachokiweza na pengo lililopo, anapewa mafunzo ya kuziba pengo, kisha anapata cheti. Ndivyo nilivyopata changu. Mimi niliyedhani najua kila kitu, pengo langu lilikuwa umeme wa gari, pale pale fundi wangu alipokuwa ananituma dukani.

Kuna pia mafunzo ya uanagenzi yanayoendeshwa na serikali chini ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, kupitia ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia kazi. Mwanagenzi anagawana muda kati ya chuo na mahali pa kazi, na gharama za mafunzo zinabebwa na serikali. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote nilizozitaja, na tatizo lake ni moja: nafasi ni chache na matangazo yanapita haraka. Fuatilia kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri na kwenye mbao za vyuo. Usingoje kuambiwa.

Kwa anayefanya kazi tayari, kozi fupi za jioni zinatosha kuziba tundu moja moja. Na mwaka 2016 VETA na Airtel walianzisha programu ya simu inayoitwa VSOMO: nadharia unasoma kwenye simu, vitendo unakwenda kufanya chuoni. Haitoshi kukufanya fundi, ila kwa mtu aliyekwisha shika spana inasaidia kuelewa kile anachokifanya.

Na mzazi ambaye mtoto wake bado yuko shule ya msingi ajue kwamba tangu Januari 2024 sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali, ambapo mwanafunzi anasoma fani pamoja na masomo ya kawaida. Ni mapema kusema matunda yake. Yale maswali ya karakana niliyoyataja hapo juu yanafaa kuulizwa huko pia.

Kuhusu mabinti

Hapa ulinganisho unabadilika, na sitaki kupita kama vile haunihusu. Gereji nyingi za mtaani hazina choo cha maana. Binti anakaa siku nzima bila kunywa maji ili asiombe choo cha jirani. Kuna maneno ya wanaume, kuna mikono isiyo na adabu, na kuna fundi anayesema "wewe utaniharibia vijana" na kumgeuza mpika chai. Binti wa dada yangu alitaka ufundi magari tangu akiwa mdogo. Nilimtaka kwangu, mama yake akakataa, na sasa nakiri dada aliona mbali. Alianza chuoni, akapata msingi na cheti, ndipo akaja gerejini akiwa tayari anaitwa fundi. Vijana walimpokea tofauti kabisa na ambavyo wangempokea saidia fundi wa kike wa miaka 17.

Kwa hiyo kwa binti, kama fani ni ya wanaume wengi, ushauri wangu ni chuo kwanza, bweni ikiwezekana, halafu mtaani. Kama amekatisha shule kwa ujauzito, aangalie Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianzishwa mwaka 1975, vimezoea watu wazima na akina mama wenye watoto, na kwa aliyeko Dar vya karibu viko Kisarawe na Kibaha.

Yanayoweza kurekebishwa bila kujenga jengo jipya

Serikali imekuwa ikijenga vyuo vya VETA wilayani, na ni jambo jema. Lakini kila mwaka napokea vijana wa field, yaani wanafunzi wa chuo wanaotumwa kujifunza kazini, na naona kinachopotea. Kijana anakuja na barua na kitabu cha kumbukumbu. Wiki nane zinapita, mwalimu wake anakuja mara moja, anakaa dakika 20, anasaini. Hakuna aliyeniuliza mimi kijana anaweza nini. Kuna gereji zinasaini vitabu vya vijana ambao hawakufika kabisa. Field ikiwa muhula mzima, na neno la fundi likahesabika kwenye alama, chuo na gereji vingeshikana mikono bila gharama kubwa.

Waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Mpaka mwaka 2013 ilikuwa asilimia 6 ya mishahara, na tangu hapo imeshushwa mara kadhaa. Ningependa sehemu ya pesa hiyo imfikie anayefundisha mtaani: vifaa vya usalama, mashine ya kupimia magari ya kugawana kwa mtaa, posho ya nauli kwa mwanagenzi. Gereji zinafundisha vijana wengi kila mwaka na hazimo kwenye mpango wa mtu yeyote.

Na sanduku la zana. Kijana anahitimu hana spana hata moja. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, lakini inataka kikundi, na kikundi kinataka watu wanaofahamiana. Wahitimu wa darasa moja wangeweza kuandikishwa kikundi wakiwa bado chuoni, badala ya kuanza kutafutana wakishatawanyika.

Ukiniuliza leo pale gerejini

Nitakuuliza fani gani, unaishi wapi, mtoto ana miaka mingapi, na unaweza kumlisha kwa muda gani bila yeye kuingiza kitu.

Umeme, gesi, hoteli, mitambo ya viwandani: chuo. Na maombi ya VETA kwa kawaida hupokelewa miezi kadhaa kabla ya masomo kuanza Januari. Kwa hiyo usisubiri matokeo ya kidato cha nne. Kozi nyingi hazihitaji ufaulu huo, na anayesubiri anapoteza mwaka mzima akiwa amekaa barazani.

Useremala, cherehani, ususi, uchomeleaji, simu: fundi mzuri wa mtaani, miaka miwili, kisha urasimishaji. Andika tarehe ya kwenda kupimwa, kwa sababu ukishaanza kupata hela ya kila siku utaisahau.

Magari: siku hizi nasema vyote. Chuo mwaka wa kwanza kupata msingi na umeme wa gari, na jioni na likizo aje gerejini. Asipomudu nauli, aanze kwangu na kozi fupi baada ya miezi sita.

Ukichagua gereji, yoyote ile, usimwache mtoto kwa maneno. Kaeni wewe, fundi na kijana, muandike karatasi moja: atajifunza nini na nini, kwa muda gani, ataanza kulipwa lini na kiasi gani, nani atamtibu akiumia, na kwamba kazi za nyaya na injini hatatumwa dukani zinapofanyika. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa asaini kama shahidi. Nakala tatu, moja abaki nayo kijana mwenyewe. Kwangu hiyo karatasi ipo, ukurasa mmoja, na mama aliyekuja juzi kutoka Kinyerezi aliisoma mara mbili kabla ya kusaini, akaongeza kwa mkono wake mstari mmoja: mtoto aruhusiwe kwenda darasani Jumanne na Alhamisi saa kumi.